Ufipa Machoni pa Wageni

Hotuba iliyotolewa mbele ya washarika na wageni wa Dayosisi katika maadhimisho ya miaka mia moja ya usharika



Usharika unapotimiza miaka mia moja, waandishi wa historia yake huanza kwa kuwataja waliofika. Huandika mjumbe wa kwanza alitoka wapi, alifika mwaka gani, na alipiga hema lake chini ya mti upi. Kazi hiyo ni ya haki, wala haipasi kudharauliwa. Lakini iko kazi ya pili ambayo mara nyingi huachwa, nayo ni kuuliza aliyefika aliona nini siku ile ya kwanza, na wenyeji waliompokea walimwona vipi. Swali hilo lina uzito wa pekee linapohusu Ufipa. Wageni wengi wameihukumu nchi hiyo kwa mtazamo wa siku moja, na wengine wameihukumu kabla hata ya kuiona.

Hotuba hii inawafuata baadhi ya wasafiri hao, mmoja baada ya mwingine, ili ipimwe hukumu ya mgeni na ionekane ilipokosea.

Nchi iliyo baina ya maziwa mawili

Uwanda wa juu wa Ufipa umesimama kati ya mikono miwili ya Bonde la Ufa. Upande wa magharibi ardhi inaporomoka hadi Ziwa Tanganyika, lenye kina cha mita 1,470 mahali pake pa ndani kabisa. Upande wa mashariki inaporomoka tena hadi Ziwa Rukwa, ambalo ni la kina kifupi, lina maji ya magadi, na hupanuka na kusinyaa kadiri mvua zinavyokuja na kupotea. Maziwa yote mawili yako kwenye kimo cha mita mia nane hivi juu ya usawa wa bahari. Mji wa Sumbawanga uko juu yake kwa takriban mita elfu moja zaidi.

Kwa hiyo mtu anayepanda kutoka ziwani huacha joto na mbu wa kando ya maji, na baada ya kupanda kutwa nzima hujikuta katika nchi nyingine. Upepo unavuma bila kizuizi. Miti ni michache, nyasi zimetanda hadi upeo wa macho, na anga limekuwa kubwa kuliko alivyozoea. Akifika mwezi wa Juni au Julai, atakuta watu wamejifunga mablanketi asubuhi, na moshi wa jikoni ukikawia kupanda kwa sababu ya baridi. Mgeni wa pwani hudhani amepotea njia na kufika nchi isiyo ya Kitropiki.

Jambo la kwanza analoliona ni uwazi huo. Huuona akadhani ni utupu. Hapo ndipo kosa la kwanza linapoanzia, kwa maana nchi hiyo haikuwa tupu. Uwazi wenyewe ni alama ya watu: ni mashamba yaliyolimwa na kupumzishwa kwa vizazi vingi, na ni miti iliyokatwa kwa ajili ya mkaa wa kuyeyushia chuma.

Kiti cha Milansi

Kabla ya kuwataja wageni wa kutoka ng'ambo, yafaa kuanza na hadithi ambayo Wafipa wenyewe wamekuwa wakiisimulia juu ya wageni. Mwanaanthropolojia Roy Willis, aliyeishi Ufipa katika miaka ya 1960, aliisikia kwa wazee wengi na kuiandika.

Inasimuliwa kwamba mfalme wa kale wa Milansi alikwenda kuwinda. Kabla ya kuondoka alimwonya mkewe kwamba huenda wageni wakafika, na wakifika asiwape kiti chake cha enzi. Wakaja wanawake watatu kutoka mbali, nao hawakufanana na watu wa nchi ile. Mke wa mfalme, akiwa peke yake mbele ya wageni wenye haiba kubwa, akawapa kiti. Mfalme aliporudi alikuta utawala umeshatoka mkononi mwake. Hakupigana. Yalifanyika mapatano: wageni wale, waliokuwa chanzo cha ukoo wa Watwa, wakachukua utawala wa nchi, naye akabaki na mlima wake, na heshima ya kikuhani ambayo hata watawala wapya hawakuweza kuifuta. Kutoka katika ukoo huo wa Watwa zilipatikana baadaye falme mbili, Nkansi na Lyangalile.

Wataalamu wamebishana kuhusu kiasi cha historia kilichomo katika hadithi hii. Mjadala huo si wa leo. Linaloonekana wazi ni kwamba Wafipa walikuwa wamekwisha kutafakari juu ya mgeni muda mrefu kabla ya Mzungu yeyote kupanda mlima wao. Walijua kwamba mgeni anapoingia humwangalia mwenyeji, lakini huangalia pia kiti. Walijua kwamba ukarimu una gharama. Pamoja na kuijua gharama hiyo, hawakuufunga mlango. Katika hadithi yao mgeni hafukuzwi, wala mwenyeji hafutwi. Kila mmoja anapewa sehemu yake.

Waliopita na waliobaki

Katika miaka ya 1840 walifika wageni wa namna nyingine. Walikuwa Wangoni wakiongozwa na Zwangendaba, waliokuwa wametoka kusini kabisa mwa Afrika na kuvuka mto Zambezi mwaka 1835. Walikuwa wametembea miaka mingi, na watu wa mataifa mengi walikuwa wamechanganyika nao njiani. Macho yao yalikuwa macho ya wafugaji na wapiganaji, nayo yaliona Ufipa kama nchi ya malisho na ng'ombe. Zwangendaba alifia huko huko Ufipa, mahali paitwapo Mapupo, na baada ya kifo chake Wangoni wakagawanyika. Makundi mengine yalielekea Malawi na Zambia ya leo, mengine yakaenda kaskazini, na mengine yakaishia Songea. Safari ndefu kuliko zote za karne ile katika sehemu hii ya Afrika ilipoteza kiongozi wake juu ya uwanda huo wa nyasi.

Mwaka 1872 alipita Daktari David Livingstone, akitoka Unyanyembe kuelekea kusini. Yeye alifuata upande wa ziwa, mwezi wa Oktoba, wakati wa joto kali. Alikuwa mgonjwa na mwili wake umechoka. Kwake Ufipa ilikuwa ni vilima vya kupanda na kushuka, mawe yenye kuwaka jua, na njia isiyokwisha. Hakuiona Ufipa ya juu, yenye hewa baridi na mashamba. Aliiona pindo tu ya vazi.

Mwanzoni mwa Mei 1873 Livingstone alifariki katika kijiji cha Chitambo, nchini Zambia ya leo. Watumishi wake, wakiongozwa na Abdullah Susi na James Chuma, waliuzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili, wakaufunga kwa nguo na magome ya mti, wakaanza kuubeba kuelekea pwani. Walipofika kusini mwa Ziwa Tanganyika walikumbuka mateso ya mwaka uliotangulia. Hawakurudia njia ya ufukweni. Walipita ndani zaidi, upande wa mashariki, katika Ufipa ya juu. Kwa hiyo nchi ile ile ambayo mwaka 1872 ilikuwa njia ya mateso, mwaka 1873 ilikuwa njia nyepesi kwa watu waliobeba maiti ya bwana wao. Nchi haikuwa imebadilika. Waliokuwa wamebadilika ni wasafiri, ambao safari hii walijua pa kukanyaga. Mwili ulifika Bagamoyo mwezi wa Februari 1874, na mwezi wa Aprili ukazikwa Westminster Abbey mjini London.

Kijana wa Kiskoti na kiongozi wake

Miaka michache baadaye alikuja Joseph Thomson. Alikuwa Mskoti, msomi wa elimu ya miamba, na alipotoka Dar es Salaam mwezi wa Mei 1879 alikuwa na umri wa miaka 21 tu. Hakutumwa kuwa mkuu wa msafara. Mkuu alikuwa Keith Johnston, mchora ramani, lakini Johnston aliugua kuhara damu na kufariki huko Behobeho mwezi wa Juni, hata kabla msafara haujafika mbali. Kijana akabaki na wapagazi na walinzi wapatao mia moja na hamsini, katika nchi asiyoijua na lugha asizozijua.

Hakubaki peke yake, hata hivyo. Mnyapara mkuu wa msafara alikuwa James Chuma, yule yule aliyeubeba mwili wa Livingstone. Chuma alikuwa Myao aliyeokolewa utumwani akiwa mtoto mwaka 1861. Alisoma India, alizijua lugha nyingi, na njia kuu za bara alizijua kwa miguu yake mwenyewe.

Mwaka 1880 Thomson, akiwa amekwisha kufika Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika, alirudi kupitia Ufipa. Alipita katika mji wa Kapufi, mfalme wa Nkansi. Aliandika kwa mshangao juu ya watu aliowakuta, kwamba walijitoa kwa kilimo kuliko makabila mengine aliyoyaona, na kwamba walikuwa wenye amani. Kisha, akiwa juu ya milima ya Lyamba lya Mfipa, alitazama mashariki akaona chini yake bonde pana na maji yaking'aa. Jina alilolisikia kwa wenyeji aliliandika Hikwa. Katika ramani akaliita ziwa hilo Leopold, jina la kifalme kutoka Ulaya.

Jina hilo la Ulaya halikudumu. Ziwa linaitwa Rukwa, kama lilivyoitwa na watu walioishi kando yake, na tangu miaka ya 1970 jina hilo ndilo jina la mkoa. Vitabu vingi vilimtaja Thomson kuwa Mzungu wa kwanza kuliona ziwa hilo, na huenda ni kweli. Lakini wavuvi wa Rukwa walikuwa wakilivua, na watu waliopita na mwili wa Livingstone mwaka 1873 walikuwa wamekwisha kulipita bonde hilo. Chuma, aliyesimama karibu na kijana huyo, hakuwa akiiona nchi ile kwa mara ya kwanza.

Thomson alisifiwa, na alistahili sifa, hasa kwa kuwa alijitahidi kusafiri bila kumwaga damu. Hata hivyo sura njema aliyoiandika juu ya Ufipa haikutokana na macho yake peke yake. Ilitokana pia na mtu aliyemwongoza, aliyejua namna ya kusalimia, kulipa hongo na kuomba njia. Chuma alifariki Zanzibar mwaka 1882, akiwa bado kijana. Hakuandika kitabu juu ya Ufipa. Kama angeandika, historia ya mtazamo wa kwanza ingekuwa na kurasa nyingine.

Yasiyoonekana kwa siku moja

Je, msafiri wa wiki chache aliweza kukosa kuona nini? Mifano miwili inatosha.

Wa kwanza ni kilimo cha matuta. Mgeni asiye mkulima, akiyaona matuta ya duara yaliyotapakaa katika nyika, aweza kuyapita bila kuuliza. Kumbe ndani yake mna elimu. Mvua zinapokaribia kwisha na ardhi ingali laini, nyasi hukatwa na kufukiwa chini ya udongo. Nyasi hizo huoza na kuwa mbolea. Maharage au mazao mengine ya jamii hiyo huweza kupandwa juu ya tuta, na msimu unaofuata matuta hutawanywa na ulezi ukapandwa. Kwa njia hiyo nchi isiyo na miti mingi ya kuchoma kwa ajili ya majivu iliendelea kuwalisha watu wake. Msafiri aliona watu wapendao kulima. Hakuona kwamba walikuwa pia watu waliovumbua.

Wa pili ni chuma. Wafipa walijenga matanuru marefu ya udongo yaliyoitwa malungu, mengine yakiwa na urefu wa mita tatu au zaidi. Hayakuvukutwa kwa mkono. Hewa iliingia yenyewe kupitia matundu ya chini, ikavutwa juu na moto. Chuma kilichopatikana kilisafishwa tena katika tanuru dogo lililoitwa kintengwe, safari hii kwa mivukuto, ndipo kikafuliwa majembe, mashoka na mikuki. Kazi hiyo ilikuwa na miiko na heshima kubwa, hata tanuru lenyewe likatendewa kama bibi arusi. Majembe ya viwandani yalipoingia wakati wa ukoloni, ufundi huo ulififia. Profesa Bertram Mapunda, mwanaakiolojia wa Tanzania, ameutafiti kwa miaka mingi, na mabaki ya matanuru hayo yangali yakionekana katika wilaya ya Nkasi na kwingineko.

Mambo ya namna hiyo yanahitaji mtu akae. Mapadri Weupe, waliopewa kituo cha Karema mwaka 1885 na kuenea kusini hadi Ufipa, walikaa. Askofu Adolphe Lechaptois aliongoza kazi hiyo tangu mwaka 1891 hadi alipofariki mwaka 1917, na mwaka 1913 alichapisha kwa Kifaransa kitabu kizima juu ya watu wa kandokando ya Tanganyika. Naye alikuwa na macho ya zama zake na makosa ya zama zake. Lakini kati ya mtu aliyepita kwa majuma na mtu aliyekaa miaka ishirini na sita, tofauti haifichiki.

Jina lililogeuzwa

Mgeni wa siku hizi hapandi mlima kwa miguu. Kwa miaka mingi alipanda basi Tunduma, akameza vumbi au kukwama matopeni kadiri ya majira, akafika Sumbawanga akiwa hatambuliki. Barabara ya lami ya takriban kilomita 220 kati ya miji hiyo, iliyojengwa kwa msaada wa Marekani kwa mkataba uliotiwa sahihi mwaka 2008, imeifupisha safari hiyo ikawa ya saa chache.

Barabara imeondoa vumbi, lakini uvumi ungalipo. Mtumishi wa serikali anayepata barua ya uhamisho kwenda Sumbawanga huanza kupewa pole kabla hajafunga mizigo. Kijana wa Kifipa akitaja kwao katika bweni la shule ya mbali, wenzake hucheka na kusogea kando, wakimwuliza kuhusu radi za kutumwa. Mgeni wa namna hiyo hana mtazamo wa kwanza hata kidogo. Aliletewa mtazamo akiwa kwao, naye anakuja kuuthibitisha.

Jina la mji wenyewe linampinga. Maelezo yanayosikika zaidi ni kwamba Sumbawanga ni maneno ya Kifipa yenye maana ya kutupa uchawi. Ni amri kwa anayeingia: ulichobeba kibaya, kitupe hapa. Mji uliowaamuru watu kuutupa uchawi umegeuzwa kuwa mji wa uchawi. Hakuna anayesema kwamba Ufipa haikuwahi kuwa na hofu hiyo. Roy Willis alishuhudia mwanzoni mwa miaka ya 1960 harakati iliyoitwa Kamchape, iliyopita vijijini ikidai kuwasafisha watu. Lakini hofu ya uchawi ilikuwako, na iko, katika sehemu nyingi za nchi. Willis huyo huyo, baada ya kuwajua Wafipa, aliandika mwaka 1989 juu ya fumbo jingine kabisa: iliwezekanaje jamii hii kujijengea amani ya namna ile iliyowashangaza wageni wa karne ya kumi na tisa?

Jambo hili si la mzaha. Katika mikoa kadhaa ya Tanzania wazee, hasa akina mama, wameuawa kwa sababu tu ya kushukiwa uchawi. Kila mzaha juu ya nchi ya wachawi huongeza kuni katika moto huo. Washarika waliofundishwa Katekisimo Ndogo ya Martin Luther wanaikumbuka Amri ya Nane na maelezo yake, kwamba haitoshi kuacha kumsingizia jirani. Yapasa pia kumtetea. Jirani huyo aweza kuwa mtu mmoja, na aweza kuwa wilaya nzima.

Walutheri wana sababu ya pekee ya kulizingatia hili. Kwa sehemu kubwa walifika Ufipa wakiwa wageni katika nchi iliyozoea Ukatoliki: walimu, waganga, wafanyabiashara, askari, wakulima waliotafuta ardhi. Leo Dayosisi ya Ziwa Tanganyika ina makao yake Sumbawanga. Wageni hao walipewa mahali pa kukaa, wakauziwa mahindi, wakaonyeshwa kisima. Waliowafanyia hayo walikuwa wenyeji.

Kwa hiyo liko ombi moja kwa wanaokusanya historia, katika usharika huu na katika sharika nyingine. Pamoja na majina ya waliofika, yaandikwe majina ya waliowapokea: aliyetoa kiwanja, aliyetafsiri mahubiri ya kwanza, mama aliyepika chakula cha wageni, kijana aliyebeba mizigo yao kutoka kituo cha basi. Wazee wanaoyakumbuka majina hayo wangali hai katika nyumba nyingi, na waulizwe sasa, kwa lugha yao wenyewe. Mke wa mfalme wa Milansi aliwapa wageni kiti, na nchi nzima ikabadilika, lakini katika masimulizi mengi anatajwa kama mke wa mfalme basi. Isiwe hivyo tena kwa wale walioupokea usharika.

Mungu awabariki wenyeji na wageni.